Kijana kaumia akili mafunzoni, vita hajaiona: alipwe au asilipwe?

Mjomba wa Newala:
Wakuu habari za jioni, naomba tujadili hili bila matusi. Kijana akienda mafunzo ya kijeshi, iwe JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) iwe kozi ya kuingia jeshini, akavunjika mguu, hapo hakuna ubishi, hogo hilo hapo na picha ya eksirei hii hapa. Sasa akirudi mguu mzima ila kichwa hakiko sawa, nani anabeba huo mzigo? Vitani hakwenda, hata mto Ruvuma hajavuka. Mimi nasema alipwe.

Nina mpwa wangu, kikosi sitaji wala mwaka. Walikuwa kwenye ruti machi, ule mwendo mrefu wa miguu wa mafunzoni, jua la saa saba, mwenzake wa mbele akadondoka, wakaambiwa huyo anajifanya, mwamsheni, akamwagiwa maji, kumbe mwenzao ndio anaondoka. Mpwa ndio alikuwa kamshika mkono. Kozi akamaliza, akapasi auti, picha na magwanda ipo ukutani kwa bibi yake. Sasa hivi yuko kijijini, msimu wa korosho anaokota kama wengine tu, ila jioni refa akipuliza filimbi uwanjani huyu anasimama wima, jasho linamchuruzika, mkono wa kulia unafunga na kufungua wenyewe, halafu hasemi neno anaondoka anaenda kwenye uraka, pombe ya mabibo, mpaka analala huko huko chini ya mikorosho. Kwa mganga kashapelekwa, kuku wameliwa, jibu ni majini ya porini.

Marekani kijana kama huyu anaruhusiwa kudai. Sio lazima uwe umepigana, mafunzo ni utumishi, na hata aliyetolewa kabla kozi haijaisha anaweza kupeleka dai. Wanataka vitu vitatu, ugonjwa wenyewe uthibitishwe na daktari, tukio lililotokea ukiwa kazini, na maelezo ya kitaalamu yanayounganisha hivyo viwili. Wakikubali wanakupa asilimia kuanzia 0 mpaka 100 na malipo ya kila mwezi yanafuata hiyo asilimia. Uingereza nao wana mpango wao tangu 2005, mafunzo yamo, ila kwa kawaida una miaka 7 ya kupeleka dai. Sisi tunashindwa nini?

Mstaafu wa Msumbiji:
Kijana umeandika vizuri ila unatudekezea watoto. Mimi nilikuwa Msumbiji 1987, kuna wenzangu tumewazika pale makaburi ya mashujaa Naliendele, kila tarehe 25 Julai tukiwakumbuka mashujaa mimi machozi yananitoka, na hakuna aliyenipa asilimia za kichwa. Jasho likimwagika mazoezini damu haimwagiki vitani, ndivyo tulivyofundishwa. Doso, hizo adhabu na suluba za mafunzoni, ikiwa ndio kiwewe basi jeshi zima tulipwe. Afande akianza kuogopa kushtakiwa kila akipuliza filimbi atafundisha nini hapo, nyimbo za mchakamchaka?

Binti Masasi (nesi):
Shikamoo baba. Naomba nikupinge kwa adabu. Alichoeleza huyo kaka sio doso. Kuchoka, kutukanwa, kuchimba mashimo na kuyafukia, hayo wengi wanayacheka baadae. Kiwewe tunachokiongelea ni mtu ameona kifo au kakikaribia, au kaingiliwa kwa nguvu, halafu mwezi unapita na zaidi, lile jambo linarudi lenyewe bila kuitwa, ndoto, kushtuka, kukwepa chochote kinachomkumbusha, moyo unakuwa na ganzi hata kwa watu wake. Pombe inakuja kama dawa ya usingizi. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza huu ugonjwa rasmi 1980, baada ya vita ya Vietnam, ila mwili haujui kama ulikuwa vitani au kozini. Na samahani baba yangu, hayo machozi ya Julai mimi kama nesi ningependa tuyaongelee siku moja.

Mjomba, kwa mganga basi imetosha. Mpeleke hospitali ya Ligula pale Mtwara muulizie huduma ya afya ya akili, usisubiri mpaka ifike pa kusafirishwa kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe Dodoma. Mwambie daktari habari ya filimbi na ya yule mwenzake, usimwambie "ana stress" tu, akiandika stress faili litakuwa halina kitu.

Mchuuzi Mikindani:
Tuacheni huruma tuongee hela. Mguu uliovunjika huwezi kuuigiza, kichwa unaweza. Tangu 2013 vijana wa kidato cha sita wanaenda JKT kwa mujibu wa sheria kila mwaka, ukisema kiwewe kinalipwa nusu ya kombania watakuja na kiwewe. Huku kwetu watu walishachanganya kokoto kwenye magunia ya korosho ili uzito uongezeke, na korosho inapimwa kwa mzani mbele ya macho ya watu! Kichwa utakipima na mzani gani?

Dada wa Lindi mjini:
Mchuuzi unaongea kama vile huko nje wanagawa bure. Huko Marekani aliyetoka vitani maelezo yake mwenyewe yanaweza kutosha kuthibitisha tukio kama yanaendana na mazingira ya vita, ila aliyeumia mafunzoni anabanwa zaidi, anatakiwa alete kitu cha kuunga mkono, ripoti, shahidi, chochote. Na kwa waliobakwa au kushambuliwa wakiwa kazini wamelegeza hapo, wanajua hakuna anayekimbilia kuripoti kwa bosi yule yule, kwa hiyo wanaangalia barua alizoandika nyumbani, maelezo ya rafiki aliyelala nae bweni moja, kuomba uhamisho ghafla, utendaji kushuka. Mmeshajaza ukurasa mzima na ruti machi, kuna mabinti wana mambo wamekaa nayo kimya miaka. Niishie hapo.

Mjomba wa Newala:
Asante dada, umenigusa penyewe. Mzee mstaafu shikamoo, na wala sikushindanishi na mashujaa wa Naliendele, nyie mlistahili na bado mnastahili. Ila angalia hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja wazi kwamba haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Maana yake kijana hana chama cha wafanyakazi wala hawezi kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kama mfanyakazi wa kiwandani, anategemea utaratibu wa ndani, yaani ushahidi wake wote anao yule yule anayemdai. Daftari la zahanati ya kikosi liko kikosini, ripoti ya kifo cha mwenzake iko kikosini, yeye katoka na cheti na picha ya pasi auti. Anayekwenda kwa kujitolea utasema alitaka mwenyewe haya, huyu wa mujibu kaitwa na sheria!

Kwa hiyo hata kabla ya hela mimi nataka karatasi. Siku ya kutoka kila kuruta aonwe na daktari asiye wa kikosi hicho, aulizwe umeona nini huku, unalala vipi, iandikwe na apewe nakala. Mchuuzi na huo ndio mzani wako, anayekuja miaka mitano baadae na hadithi mpya analinganishwa na alichosema siku ile.

Mstaafu wa Msumbiji:
Marahaba wote wawili. Karatasi sina ugomvi nayo. Sisi tulitoka na begi na nauli. Ila usitegemee kuruta atasema ukweli siku ya kutoka, siku hiyo anawaza nyumbani tu, atajibu "fiti afande" hata kama anatapika damu. Muulizeni tena baada ya miezi sita, akiwa kwao.

Binti Masasi (nesi):
Hapo baba umetushinda wote, mara nyingi dalili zenyewe zinachelewa. Na Mjomba, wale waliokuwa mstari mmoja na mpwa wako siku ile watafute sasa hivi waandike wakiwa bado wanakumbuka, nani alikuwepo, saa ngapi, nani alisema anajifanya.

Mjomba wa Newala:
Kuna grupu lao la Wasapu la kombania, wapo watatu wamekubali. Wa nne yuko kazini jeshini anasema anaogopa, na simlaumu.

Mchuuzi Mikindani:
Mimi bado sijakubali. Daktari asiye wa kikosi, kuruta wote hao, halafu tena baada ya miezi sita huko vijijini, fungu la nani hilo? Nijibuni hilo kwanza.