Natafuta mshauri nasaha asiyetaka kunibadilisha, Dodoma

Kijana_wa_Kizota: Habari za jioni wakuu. Nina miaka 26, mhasibu hapa mjini. Navutiwa na wanaume wenzangu, najijua tangu sekondari, na hilo haliniumizi. Kinachonitesa ni usiku. Bodaboda ikipunguza mwendo nje ya geti, moyo unanienda mbio, nahisi wamekuja kunichukua. Nilijikaza nikaenda kwa mshauri wa zahanati moja, akaniuliza kama nimeokoka, akanipangia mfungo. Na hela ya kumwona alichukua! Hospitali ya akili ya Mirembe naogopa, ndugu wakisikia watasema nimechizika. Wapo wanaosikiliza tu? Na siri inatunzwa?

Zabibu_Chungu: Mambo ya Wazungu hayo. Oa, usingizi utakuja.

Mama_Hombolo: Zabibu, huyo mke naye amekukosea nini?

Kijana, nilikuwa muuguzi wa afya ya akili, sasa nimestaafu. Shirika la Afya Duniani liliondoa kuvutiwa na jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Anayeahidi kukuponya hana cha kuponya. Kinachotibika ni hofu na kukosa usingizi, na Mirembe wapo wengi wanaotibiwa hayo wakarudi makwao jioni.

Ukimpigia mshauri simu usianze na siri. Sema silali, naogopa kutengwa na ndugu. Kisha muulize: akija mtu ambaye maisha yake wewe huyakubali, unamsaidiaje? Akianza mahubiri, shukuru ukate. Muulize pia anaandika nini kwenye faili na nani mwingine analisoma, maana faili linaweza kuitwa mahakamani, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana "kinyume na maumbile", kinafika kifungo cha maisha. Zungumzia hofu yako, vitendo viache.

Mshauri mzuri hatakuambia unajitisha bure. Mtakaa mpambanue: bodaboda inamshusha jirani, ila picha zilizo kwenye simu isiyo na nywila ni hatari ya kweli. Ya kwanza unajifunza kuiacha ipite, ya pili unaishughulikia leo.

Kijana_wa_Kizota: Shikamoo mama. Wakinipa vidonge vya usingizi je?

Mama_Hombolo: Marahaba. Vya muda mfupi sawa, ila dai na mazungumzo. Kidonge hakijui unamwogopa nani.

Kijana_wa_Kizota: Hilo la faili sikuwahi kuliwaza. Nywila nimeshaweka. Jumatatu napiga simu, kwa laini nyingine.