Mgonjwa wa TB mwenye upungufu wa kotisoli: mbona anazidi kulegea akiwa kwenye dozi?

Zahanati_Bara:
Wakuu, naomba msaada. Mtu mzima, kilo 52. Fizi na mikunjo ya viganja imekuwa myeusi, presha 85/50 akisimama, sodiamu 124, potasiamu 5.9. Kotisoli (homoni ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo) ya saa mbili asubuhi ni 68 nmol/L, chini sana. Alianzishwa haidrokotisoni (dawa inayochukua nafasi ya kotisoli) miligramu 20 kwa siku pamoja na dawa za TB. Wiki ya kwanza akapata nafuu. Ya pili anatapika na hawezi kusimama. Tumekosea wapi? Fludrokotisoni, dawa ya kushika chumvi mwilini, huku haipatikani.

DawaNaDozi:
Ni rifampisini, mkuu, mojawapo ya dawa zake za TB. Inaamsha vimeng'enya vya ini, navyo vinavunja haidrokotisoni kabla haijafanya kazi. Nguvu hiyo huanza ndani ya siku chache na kukamilika kama wiki mbili, ndiyo maana amedondoka sasa. Tezi zake za adrenali zilizoharibika haziwezi kufidia.

Huyo yuko kwenye hatari ya kufa, usisubiri maabara. Haidrokotisoni miligramu 100 sasa hivi kwa mshipa, au kwa msuli kama mshipa haupatikani. Dripu ya chumvi ya 0.9% lita 1 ndani ya saa ya kwanza. Pima sukari, ikiwa chini mpe glukosi. Kisha miligramu 50 kila saa 6. Akianza kula bila kutapika, mrudishe kwenye vidonge kwa dozi maradufu: 20 akiamka, 10 saa sita mchana, 10 saa kumi jioni. Rifampisini msiikatize, TB yenyewe ndiyo inayokula tezi. Akimaliza dawa za TB, msishushe haidrokotisoni siku hiyohiyo. Ini huchukua kama wiki mbili kutulia.

Wodini:
Naongeza kuhusu fludrokotisoni. Haidrokotisoni miligramu 40 hushika chumvi karibu sawa na fludrokotisoni mikrogramu 100, lakini kwa huyu msiitegemee hesabu hiyo, kwa sababu nyongeza yote inamezwa na rifampisini. Aongeze chumvi kwenye chakula, na endeleeni kuitafuta fludrokotisoni, mikrogramu 100 kwa siku kwa kuanzia. Msimbadilishie deksamethasoni (steroidi nyingine) kwa kuwa tu ipo kabatini: haishiki chumvi hata kidogo.

Anatumia Septrin, ile antibiotiki? Inapandisha potasiamu, na wagonjwa wengi wa TB wenye VVU wanaitumia.

DawaNaDozi:
Swali zuri hilo. Pia muulizeni kama amewahi kutumia vidonge vya kunenepesha au krimu za kung'arisha ngozi, maana baadhi zina steroidi kama deksamethasoni au klobetasoli. Hizo hulaza tezi ya ubongo inayoamrisha adrenali, na mtu akiacha ghafla kotisoli inakuwa chini vilevile. Tofauti ni kwamba fizi za hao haziwi nyeusi na potasiamu yao hubaki ya kawaida. Kwa huyu, weusi na 5.9 vinaonyesha tezi zenyewe.

Zahanati_Bara:
Septrin anatumia, ndiyo. Sindano na dripu vimeshaingia, presha 100/60.

Wodini:
Vizuri. Sasa hatari imehamia kwenye sodiamu. Kotisoli ikirudi, figo humwaga maji mengi na sodiamu inaweza kupaa. Isipande zaidi ya 10 kwa saa 24, ubongo unaumia. Pimeni kila saa 4 hadi 6, na mkiona mkojo unatoka kwa wingi, punguzeni kasi ya dripu. Potasiamu ipimwe humo humo, kisha mwamuzi wa Septrin awe daktari wa kliniki yake.

Kabla hajaruhusiwa, familia iandikiwe kwenye kadi yake ya TB: homa ikifika 38 dozi ya haidrokotisoni mara mbili, 39 mara tatu. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, arudie. Akitapika tena, haidrokotisoni miligramu 100 kwa msuli na safari ya hospitali ianze papo hapo.