Mtafsiri wa bandani amenikatia daktari kichwa kabla ya wakati, nataka buku mbili zangu!

Kitenge cha Kijani:

Wakuu, natetemeka hata kuandika. Nimetoka banda la video sasa hivi, viatu bado viko miguuni. Sitaji jina wala mtaa, maana hapa Mwanza kuanzia Kirumba, Kitangiri mpaka Pasiansi wote mnamjua: yule mwenye maiki iliyozungushiwa selotepu nyeusi, anayetafsiri muvi huku anatafuna muwa. Huyo huyo. Mungu anamwona.

Leo mchumba alikuwa mjini. Anakaa Nansio, kesho asubuhi anapanda meli, kwa hiyo tulikuwa na jioni moja tu mpaka mwezi ujao. Nikasema twende tukaangalie kitu cha heshima, nimechoka na mateke. Nje ubaoni kaandika kwa chaki: MALKIA NA DAKTARI, MAPENZI HATARI, 1000. Siku zote ni mia tano! Tukalipa. Buku mbili, soda juu.

Ni ile sinema ya Denmark ya 2012, A Royal Affair. Daktari ni yule jamaa aliyecheza kamari na James Bond, aliyekuwa anatoka damu jichoni. Humu hatoi damu, humu ni mtamu. Binti kaletwa kutoka Uingereza ana miaka 15, kaka yake ndiye mfalme wa kule, kaozwa kwa mfalme wa Denmark ambaye kichwani hakuko sawa, anacheka penye kulia. Halafu analetwa daktari Mjerumani kumtibu mfalme. Mnaelewa inakoelekea, benchi zima tulielewa. Mtafsiri kamwita mfalme "Mtemi Kichwamoto", malkia "Mwali wa Bariadi", na Copenhagen kaigeuza Magu. Nikavumilia. Hata nilicheka kidogo, siwezi kusema uongo.

Ikafika dansi. Wakuu. Muziki unapanda, wale wawili hawasemi neno. HAWASEMI. Hakuna cha kutafsiri pale! Ni macho tu. Mkono wa daktari unaufuata mkono wa malkia polepole, kama mtu anayepima sufuria kama bado la moto. Banda zima kimya, unasikia jenereta tu. Na mimi nausikia mkono wa mchumba unatambaa juu ya benchi, unakuja. Kidole kimoja kimefika. Cha pili kiko njiani.

"Puh, puh. Mwangalieni vizuri huyu daktari, hicho kichwa mwishoni kinakatwa na shoka."

NA SHOKA!

Mkono wa mchumba ulirudi kama mjusi wa Bismarck Rock akisikia kiatu.

Nikasimama, nikamwambia kaka, si utuache tuone wenyewe? Angenijibu kwa mdomo wake ningemsamehe. Alinijibu kwa MAIKI: "Kuna mayu hapa wa kitenge cha kijani analilia kichwa cha Mzungu. Tulia mayu, hata mkono wanaukata." Banda lote likanigeukia. Wakacheka mpaka vumbi likadondoka kwenye bati. Na nimekuja kusoma sasa hivi, ni kweli, Aprili 28, 1772, walianza na mkono wa kulia ndipo kichwa. Kwa hiyo hata kumwita mwongo siwezi!

Muda wote uliobaki nilikuwa naangalia shingo. Mtoto wa mfalme anachanjwa ndui, mimi naangalia shingo. Daktari anapiga marufuku kutesa wafungwa, shingo. Malkia anajifungua binti, banda linaguna kwa sababu hesabu hazimwangukii mfalme, mimi shingo tu. Nimeona shingo ya buku.

Kutoka nje mchumba ananiambia eti "ilikuwa nzuri, ila imejaa siasa." Kaenda kulala kwa shemeji yake, hata kunisindikiza hakunisindikiza. Kidole kimoja, wakuu! Mwezi mzima nasubiri, napata kidole kimoja.

Nataka buku mbili zangu. Na dansi yangu. Nani mwingine kafanyiwa hivi na huyu mtu?

Sato wa Jana:

Nimekaa paleee. Nani ana karanga?

Baharia Mstaafu:

Dada yangu, mtu kafa 1772. Miaka zaidi ya 250 imepita. Ulitaka akufiche mpaka lini?

Kitenge cha Kijani:

Mimi nilisoma sayansi, PCB, historia nilimwachia Mkwawa. Na sikulipa buku ili nijue, nililipa nione.

Dagaa Mchele:

Sinema yenyewe si inaanza malkia yuko uhamishoni anawaandikia wanawe barua? Ulidhani kaenda likizo? Mimi nilijua palepale kwamba pilau halipo.

Kitenge cha Kijani:

Mwanzo hatukuuona. Tulikuwa tunanunua soda.

Sato wa Jana:

Aaaah. Kumbe mmechelewa, halafu mnadai.

Mjukuu wa Ntemi:

Mnacheka kichwa, mambo mnayaacha. Huyo daktari, Struensee, alitawala kwa mkono wa mfalme mgonjwa, akatoa amri zaidi ya 1,000 ndani ya miezi kama 16. Mwaka 1770 akafuta udhibiti wa maandishi, kila mtu achapishe anachotaka. Wakachapisha kweli: matusi yake yeye na malkia. Januari 1772 wakamkamata usiku, dansi ya vinyago imetoka kuisha. Malkia akatalikiwa, akapelekwa Celle huko Ujerumani, akafa 1775 akiwa na miaka 23. Watoto hakuwaona tena. Hiyo ndiyo ya kulilia, siyo benchi.

Kitenge cha Kijani:

Na wewe unamalizia alipoishia yeye! Ya Celle sikuwa nayajua!

Baharia Mstaafu:

Ngoja kwanza. Amri 1,000 kwa miezi 16 ni mbili kila siku, Jumapili ikiwemo. Mtaani kwetu barua yangu ya utambulisho inamaliza wiki ya tatu inasubiri muhuri mmoja. Mleteni huyo daktari Mwanza, shingo tutamlindia kwa zamu.

Mama Ntilie wa Igoma:

Usinitajie muhuri. Nimeambiwa nirudi Jumatatu, Jumatatu naambiwa mwenye muhuri kaenda msibani, na muhuri kaenda nao. Msibani anagonga nini?

Halafu hilo banda nalijua. Benchi la tatu lina msumari, ulinichania sketi mpya ya sikukuu. Yeye kwenye maiki: "Mama kaacha pazia." Kwa hiyo wewe wa kichwa cha daktari tulia, wenzio tumeacha nguo.

Dagaa Mchele:

Kitenge, swali la heshima. Ule mkono wako, kabla ya banda, ulikuwa umetoka kuanika dagaa? Isije ikawa mchumba hakukimbia shoka.

Kitenge cha Kijani:

Niliosha kwa ndimu!!

Sato wa Jana:

Ndimu 😂😂😂 Shoka limeachiwa huru, mshtakiwa kapatikana.

Mama Ntilie wa Igoma:

Ndimu haitoi dagaa, mwanangu. Ndimu inaifanya harufu iwe na pilipili. Sugua majani ya chai yaliyotumika, yakiwa bado ya moto, halafu majivu.

Baharia Mstaafu:

Majivu ni ya sangara, kwa sababu ya mafuta yake. Dagaa ni unga wa muhogo. Nimekaa visiwani miaka tisa.

Mama Ntilie wa Igoma:

Miaka tisa visiwani ukipikiwa na nani? Unga wa muhogo unaliwa, hausuguliwi.

Mjukuu wa Ntemi:

Bibi yangu Magu alitumia mchanga wa ziwani tu, na alizaa watoto kumi na mmoja.

Dagaa Mchele:

Magu ipi, ya mtafsiri au ya kweli?

Kitenge cha Kijani:

Tunaweza kurudi kwenye shoka? Aliitaja WAKATI WA DANSI. Hakukuwa na neno la kutafsiri pale.

Mama Ntilie wa Igoma:

Subiri kidogo, huyu Baharia hajanijibu kuhusu unga.

Baharia Mstaafu:

Unga uliochacha, mama. Kuna uliochacha na wa kula. Na ukitaka kubishana, njoo mwaloni alfajiri, nitakuosha mkono mmoja kwa unga na mwingine kwa hayo majivu yako, wavuvi wanuse.

Sato wa Jana:

Mimi nitakuwa mnusaji mkuu. Karanga bado hazijaletwa lakini.

Wakuu, Jumamosi mechi ya watani tunaangalia wapi? Umeme wa huku kwetu hauaminiki, juzi umekatika mpira uko kwenye penalti.

Dagaa Mchele:

Kwa yule yule wa maiki. Si ndiye mwenye jenereta.

Sato wa Jana:

Atatuambia na matokeo kabla?

Dagaa Mchele:

Hiyo angeijua angekuwa anatafuna muwa bandani?

Kitenge cha Kijani:

Kiingilio shilingi ngapi?