Mjadala: “It's Five O'Clock Somewhere” unamtetea mfanyakazi au unamlaza?

Hoja iliyoletwa mbele yetu ni kwamba nyimbo za kantri za kuchekesha, zinazomtorosha mfanyakazi kwenye adha zake kwa dakika chache, humlaza badala ya kumtetea, na mfano uliotolewa ni “It's Five O'Clock Somewhere” wa Alan Jackson na Jimmy Buffett, uliokaa kileleni mwa chati ya kantri ya Marekani kwa wiki 8 mwaka 2003. Naipinga hoja hiyo, ingawa si yote.

Kwa ambaye hajausikia: ni mwezi wa Julai, jua kali, saa haisogei, na kibarua anayelipwa kwa saa amechokozwa na bosi hadi uvumilivu umemwishia. Ni saa sita na nusu mchana tu, lakini anajiambia kwamba mahali fulani duniani imeshafika saa kumi na moja jioni, saa ya watu kutoka kazini, basi naye anayo ruhusa ya kuagiza kinywaji. (Saa sita na nusu ya Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, mwezi huo ni saa mbili na nusu usiku Dar es Salaam; kwa hesabu yake, sisi tumeshachelewa.)

Wanaouita ulevi mtupu wamesikia kiitikio wakaziacha beti. Humo mtu huyu anataja kwamba hajapata hata siku moja ya mapumziko kwa zaidi ya mwaka, na kwamba likizo yake ya Jamaika inaanzia hapo hapo alipo. Ni utani, lakini ni ushahidi pia, kwa sababu sheria ya shirikisho ya Marekani ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 huweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada bila kumlazimisha mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, ilhali sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka siku 28 kwa mwaka. Tena, kwa kuwa analipwa kwa saa, chakula cha mchana kinachoendelea hadi usiku anakigharimia mwenyewe, na anakiri kwamba kesho asubuhi atakiona cha moto.

Nitaambiwa nitazame “Take This Job and Shove It”, utunzi wa David Allan Coe ulioimbwa na Johnny Paycheck mwaka 1977, ambamo mfanyakazi wa kiwandani wa karibu miaka 15 anaitupilia mbali kazi yake. Ushujaa huo ni wa kukopa. Msikilizeni vizuri: anasema angetoa hata shati lililo mwilini kama angekuwa na ujasiri wa kuyatamka maneno hayo. Naye anaota tu. Niliwahi kuhesabu magunia ghalani kwa ujira wa siku, na kila mchana mwenzetu mmoja alitangaza kuwa anaacha kazi, mpaka kivuli cha msimamizi kilipoonekana mlangoni, ndipo alipoinama kutafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake. Tulicheka, na kesho yake sote tulirudi. Kibarua wa Jackson, anayejua kwamba kesho atarudi, ndiye mkweli zaidi.

Ninachowakubalia wapinzani ni kwamba wimbo huu haudai chochote, na kwamba hali hiyo ya kutoroka huuzika vizuri: Buffett mwenyewe aliijengea mikahawa na hoteli chini ya jina la Margaritaville. Hapo ndipo ningependa mjadala uelekee. Ndani ya wimbo yupo mtu anayeamriwa kumimina kinywaji saa sita na nusu mchana, akiwa katikati ya zamu yake, na hakuna anayemwuliza yeye anatoka saa ngapi.