Ukikarabati fremu, rampu iwe lazima au hiari ya mwenye nyumba?

Wakuu habari za mchana, kuna jambo linanikera naomba tulijadili bila matusi. Huku Mwanga, Kigoma, siku hizi kila ukipita unakuta fremu (chumba cha duka) inabomolewa, lililokuwa duka la nguo limekuwa duka la dawa, iliyokuwa stoo ya dagaa imekuwa wakala wa benki, wanapiga tailsi, alminiamu, vioo, taa hadi usiku panang'aa kama kuna harusi, lakini mlangoni zile ngazi tatu ziko palepale. Swali: halmashauri ikitoa kibali cha ukarabati iseme kabisa hakuna rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandia badala ya ngazi, hakuna kibali, au tuwaachie wenye majengo?

Mi nasema iwe lazima. Baba yangu mdogo anatembelea baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kunyonga kwa mikono. Juzi nipo ng'ambo ya barabara namwona kapaki chini ya ngazi za duka la dawa anaita, muuzaji kachungulia toka juu akauliza kwa sauti "mzee dawa ya nini?" na mzee hana namna akajibu kwa sauti hivyohivyo, pale pana bodaboda kama sita na mama wa ndizi. Dawa ya nini sitaji. Sisi wenye miguu tunapanda tunaenda kunong'ona kaunta. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, inasema wazi wana haki ya kufika kwenye majengo yanayohudumia umma, sasa duka la dawa kama si huduma ya umma ni nini?

MwenyeFremu: Mkuu unaongea kirahisi kwa sababu hujajenga. Ngazi hatukuziweka kwa roho mbaya, huu mji ni mteremko, mvua ikishuka maji yote yanakimbilia ziwani na yanapitia kwako, usipoinua msingi unalala na maji dukani. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kipimo cha rampu ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, piga hesabu, mita 5 na sentimita 40! Nikiishusha mbele nimefika barabarani, kesho nabandikwa X nyekundu ya kubomolewa.

FundiGungu: Nani kakwambia ishuke mbele? Inalala ubavuni, sambamba na ukuta, inapita mbele ya fremu mbili tatu na majirani mnachangia, tena ukiwa umeshabomoa kibaraza zege lipo mchanga upo, hiyo ni kazi ndogo. Kubwa ni kujenga baadaye, hapo unavunja tailsi mpya na mteja analia. Kinachoniudhi mimi ni ile ya kupandishia pikipiki, fundi kamwaga zege limesimama kama paa halafu anaiita rampu, mtu wa kiti mwendo akijaribu anarudi kinyumenyume. Wengine wanabandika tailsi zinazoteleza juu yake jamani. Na mlango, weka grili ukimaliza pima, ikibaki sentimita 70 kiti kinapita kwa shida, acha 90. Pale juu acha na sehemu ya kugeuzia, maana mlango ukifungukia nje unamsukuma mtu chini.

Mleta mada: Asante fundi, hayo ndo nilikuwa natafuta. Mwenye Fremu hoja yako ya gharama naielewa, ila kuna namna ya kuibana. Marekani sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 na kanuni zake zinasema ukikarabati eneo kuu la biashara, na njia ya kufika hapo uirekebishe, ila ikizidi asilimia 20 ya gharama ya kukarabati eneo hilo hulazimiki kuvuka hapo. Yaani anayepaka rangi tu hasumbuliwi, anayegeuza stoo kuwa wakala wa benki kwa mamilioni hana kisingizio. Na alipe mwenye nyumba siyo mpangaji, mpangaji akihama habebi rampu mgongoni. Najua atapandisha kodi, hilo nalo tuliseme, lakini kodi wanapandisha hata bila rampu.

MwenyeFremu: Hiyo ya asilimia 20 naweza kukaa mezani nayo. Ila mbele yangu kuna mtaro upo wazi, hata nikijenga rampu ya dhahabu baba yako mdogo ataruka? Huo anafunika nani, mimi au halmashauri?