Carina TI ya 7A inakula oili, fundi anataka niweke injini nyingine. Naombeni ushauri

Mnyamwezi wa Ipuli

Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora mjini. Nina Carina TI ya 1998, AT211, otomatiki, injini 7A-FE ile yenye maandishi ya Lean Burn, yaani ya kuchoma mafuta kidogo, juu ya kava. Kazi yake kubwa ni kufuata asali Sikonge na Urambo. Barabara kuu ni lami, lakini asali haikai barabarani, kwa hiyo vumbi na mchanga wa vijijini tunakula sana.

Shida ni oili. Nikijaza hadi alama ya juu ya dipstiki, wiki mbili hazipiti imeshuka hadi ya chini. Pale ninapolaza gari sioni tone. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kama dakika moja, halafu unakata. Tena siku hizi inamisi nikiwa nimesimama na gia ipo D, usukani unatetemeka. Taa ya injini haijawaka.

Fundi wangu kaangalia moshi tu, kasema ringi za pistoni zimekwisha, ovahoo (kuifungua injini na kuitengeneza upya) ni kupoteza hela, atanitafutia injini ya mtumba Dar. Milioni moja na nusu, ufundi mbali. Kabla sijauza mbuzi naomba mwenye kuijua 7A anisaidie. Na je, oili nzito inaweza kunivusha hadi msimu uishe?

Chuma Chakavu

Weka 20W-50 songa mbele mkuu. Hizo gari zimezeeka, usitake zikae kama zimetoka bandarini jana.

Mzee wa Reli

Mdogo wangu, kabla ya ushauri jibu haya. Moshi unatoka ukiwa unakanyaga mafuta kupanda kilima? Ukishuka mteremko mrefu umeachia mafuta, kisha ukakanyaga tena, nyuma kunakuwaje? Eya klina ulibadilisha lini? Na thamostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini, ipo, au imeshatolewa kama kwenye nusu ya gari za mji huu?

Mnyamwezi wa Ipuli

Shikamoo mzee. Kupanda hakuna moshi, nimemwambia kijana afuate nyuma na pikipiki akaniambia safi. Ukiachia na kukanyaga tena unatoka kidogo. Eya klina mpya. Thamostati sijui, gari niliinunua mkononi mwa mtu.

Gereji Ujiji

Mkuu, usinunue injini bado. Hapo sioni ringi.

Ringi zikichoka moshi unatoka injini ikibeba mzigo, yaani ukikanyaga, na unatoka muda wote. Wako unatoka asubuhi na baada ya kuachia mafuta. Usiku oili iliyobaki juu kwenye silinda hedi inateremka taratibu kwenye shina la valvu, inaingia ndani, asubuhi ukiwasha inaungua yote kwa mpigo. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, mvuto ndani ya manifodi unakuwa mkali, unainyonya oili kupita hapo hapo. Hizo ni sili za valvu zimekauka. Gari ya 1998 raba yake lazima iwe imekuwa ngumu.

Lakini mimi na fundi wako wote tunabashiri. Kuna kipimo. Mwambie apime kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na asimamie utaratibu: injini iwe ya moto, plagi zote nne zitoke, soketi ya distributa ichomolewe, mguu uzamishe pedali ya mafuta hadi mwisho, ndipo apige stata. 7A nzima inakaa karibu na paundi 190. Ikishuka chini ya 142 hapo ringi au valvu zina lao. Silinda na silinda zisipishane zaidi ya paundi 14. Ikisoma chini, amwagie kijiko cha oili kwenye silinda hiyo apime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Fundi asiye na geji ya kompresheni hana haki ya kukuuzia injini, nisameheni mafundi wenzangu.

Kuhusu kumisi, akichomoa waya za plagi aangalie kama mashimo yana oili. Sili za mirija ya plagi kwenye kava la juu hufa kwenye hizi A zote, 4A, 5A na 7A. Oili inajaa shimoni, moto wa plagi unavujia pembeni badala ya kuruka pale unapotakiwa. Watu wanabadilisha plagi mpaka wanachoka.

Chuma Chakavu

Maelezo marefu. Injini ya mtumba unafunga siku moja, umemaliza.

Gereji Ujiji

Umemaliza nini? Hiyo ya mtumba nayo ina umri ule ule na sili zile zile, tofauti ni kwamba hujaiona ikiwaka asubuhi. Halafu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadilisha unaanza safari za TRA kurekebisha kadi. Bloku ya 7A ni chuma cha pua kweli, sentimita za ujazo 1762, kipenyo cha silinda milimita 81, mwendo wa pistoni 85.5. Kinachoiua ni kuchemsha na kukosa oili, si umri.

Mzee wa Reli

Hapo kwenye chuma cha pua nakurekebisha kijana wangu. Bloku ni chuma cha kumimina. Hedi ndiyo alumini, ndiyo maana ikichemsha hedi inapinda bloku ikiwa salama. Mengine yote umesema sawa.

Niongeze moja. Fundi akiona oili pale injini inapokutana na giaboksi, asikwambie sili ya nyuma ya krenki akashusha giaboksi. Kwenye 7A distributa imekaa upande huo huo, juu. Raba yake ya duara ikikauka oili inateremka hadi kwenye giaboksi na kumdanganya mtu. Raba yenyewe haina bei.

Dada Spea Kasulu

Mkuu usipandishe oili nzito kuficha moshi. 20W-50 asubuhi inachelewa kupanda juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Hiyo 10W-30 au 10W-40 inatosha, na ikiwa na filta mpya inachukua lita 3.7. Wengine wanamwaga kopo zima la lita 4 kwa sababu limefunguliwa, kisha wanashangaa oili inatoka. Angalia pia valvu ya PCV kwenye kava la juu, ile inayotoa mvuke wa ndani ya injini. Ichomoe, ipulize. Hewa ipite upande mmoja tu. Ikiziba, presha ndani inasukuma oili kila inapopata upenyo.

Mnyamwezi wa Ipuli

Wakuu nimerudi. Geji tumeazima kwa fundi wa Isevya. Silinda ya kwanza 168, ya pili 165, ya tatu 170, ya nne 161. Shimo la plagi ya pili lina oili hadi nusu, la tatu limelowa. PCV inapita hewa pande zote mbili. Na thamostati haipo! Fundi anasema huku joto, haihitajiki.

Gereji Ujiji

Ringi zako zina maisha. Tofauti kubwa ni paundi 9. Nunua sili za valvu 16, sili za mirija ya plagi, gasketi ya kava, PCV na thamostati.

Hiyo ya thamostati inaniudhi. Inafunguka kwenye nyuzi 82, haizuii chochote injini ikishapata moto. Ukiitoa, injini ya Lean Burn haifiki joto lake haraka, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama vile ndiyo umewasha, na ule uchumi wa mafuta uliolipia huupati. Gari ikichemsha tafuta rejeta iliyoziba, feni, au mfuniko wa rejeta uliochoka.

Mnyamwezi wa Ipuli

Ahsante sana. Sasa fundi anasema kubadilisha sili lazima hedi ishuke. Ni kweli?

Gereji Ujiji

Si lazima. Unajaza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, valvu inashikiliwa juu isidondoke. Kama hana kifungio cha hose, anaingiza kamba laini ya nailoni kwenye silinda, anapandisha pistoni taratibu hadi kamba ibane. Anatoa springi, anang'oa sili, anagonga mpya.

Kazi ngumu ni kamshafti. Mkanda wa taimingi unavuta moja tu, nyingine inavutwa na gia ya mwenzake, na kuna gia ndogo ya springi imebanwa ubavuni. Kabla ya kulegeza kofia za kamshafti afunge boliti ya milimita 6 kuishika gia hiyo. Akisahau, kamshafti inaweza kukaa upande na kukata kofia. Kurudisha afunge kidogo kidogo kwa kuzungukia, nguvu ya mwisho nyutoni mita 13, nyuzi za matundu ya boliti ni za alumini. Shimu za tapeti, vile visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu, zirudi kila moja mahali pake. Na kwa kuwa mkanda uko wazi, kama haujulikani umetembea kilomita ngapi, weka mpya.

Dada Spea Kasulu

Sili za upande wa hewa na za upande wa moshi zina rangi tofauti kwenye pakiti halisi. Fundi asizichanganye. Ukiuziwa zote 16 rangi moja, uliza vizuri kabla hujalipa.

Mnyamwezi wa Ipuli

Nimekubaliana na fundi wa Isevya, yule mwenye geji. Ameniuliza kama aweke silikoni kuzunguka kava lote.

Mzee wa Reli

Hapana. Tone kwenye zile kona ambapo kofia za kamshafti zinakutana na hedi, basi. Gasketi ya raba ifungwe kavu.