Tupeane uzoefu: jibu lililokuja ulipoacha kulitafuta

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nasimamia duka la vifaa vya ujenzi. Juzi nafunga hesabu za mwezi, daftari na pesa haviendani, pungufu 54,000. Nimekaa na risiti mpaka saa tano usiku, nimejumlisha mara nne, jibu lilelile. Nikaanza kumtazama kijana wa dukani kwa jicho baya, Mungu anisamehe. Nikalala.

Asubuhi navaa mbiombio niwahi daladala, mama watoto ananiambia tisheti umeivaa nyuma mbele. Mkono mmoja bado uko ndani ya tisheti, nikaona ghafla: 28,000 niliandika 82,000! Nilikuwa siwazi duka kabisa. Nilipofika nikaenda moja kwa moja kwenye risiti ya misumari, ikawa ndiyo yenyewe. Mhasibu mmoja akanicheka, eti tofauti ikigawanyika kwa 9, kwanza tafuta tarakimu zilizopishana. Sawa, ila mimi kanuni hiyo sikuwa naijua. Sasa jibu lilitoka wapi?

Leteni zenu. Za kuota namba za bahati nasibu hapana. Nataka zile ulizohangaika nazo ukachoka, zikajileta zenyewe.

*Fundi Ngaramtoni:*
Mimi ni fundi wa pikipiki za boda hapa Arusha. Kuna moja ilinitesa siku mbili. Ikiwaka inaenda vizuri, baada ya dakika kumi inakata. Ukiiacha kidogo inawaka tena. Nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, wapi. Mwenye nayo kashaanza kusema nimemwibia vifaa.

Mchana nimekaa kwa mama ntilie nasubiri ugali. Mama anamimina mafuta kwenye dumu jipya, yanatoka kwa kukwama, gu-gu-gu. Akachukua msumari akatoboa upande wa pili, mafuta yakashuka kama uzi. Niliacha ugali mezani, wakuu! Kofia ya tangi ina katundu ka kuingiza hewa, na vumbi la huku mnalijua. Kalikuwa kameziba, petroli haishuki. Nikakazibua kwa waya, kazi ikaisha. Ugali nilirudi kuula wa baridi.

*Mwalimu Mstaafu:*
Fundi, umenikumbusha Norman Maier, mwanasaikolojia wa Marekani, 1931. Alining'iniza kamba mbili darini, akataka watu wazifunge pamoja. Ukishika moja, nyingine huifikii. Chumbani kulikuwa na vitu kadhaa, plaizi ikiwemo. Dawa ilikuwa kufunga plaizi kwenye kamba moja na kuibembeza ikufuate. Wengi walikwama kwa sababu plaizi waliiona ni ya kubania tu. Basi Maier akawa anapita kama vile hana habari, anaigusa kamba inayumba. Muda mfupi baadaye wengi wakapata. Walipoulizwa wamejuaje, wachache tu walitaja ile kamba kuyumba.

Halafu 1987 Janet Metcalfe na David Wiebe waliwapa watu mafumbo, kila sekunde 15 waseme wanajiona karibu na jibu kiasi gani. Kwenye hesabu za aljebra ukaribu ulipanda taratibu. Kwenye mafumbo ambayo jibu huja ghafla walijiona wako mbali mpaka dakika ya mwisho, mara hilo hapo.

Wewe fundi angalau dumu uliliona. Mleta mada, hebu soma tena ulichoandika kuhusu hiyo tisheti.

*Mama Kahawa:*
Msiziamini zote jamani. Mimi nilipoteza funguo za stoo, mara nikaona kabisaa nimeziacha Himo sokoni. Uhakika mia kwa mia. Nauli kwenda, nauli kurudi. Zilikuwa kwenye mfuko wa aproni niliyoivaa.

*Mleta mada:*
Mwalimu, dah. Nyuma mbele! Nimemsomea mama watoto, anadai asilimia kumi ya ile 54,000.